Mume Mwenzangu Hana Rangi

Kwetu Likoni, upande wa Shika Adabu, mjukuu wa kiume ni mume wa nyanyake. Ni utani wa jadi, lakini nyanyangu haufanyii mchezo. Mahamri yanayotoka karaini ni ya mumewe kwanza, wengine watangoja. Nikichelewa kutoka shule, ananitishia talaka. Miaka kumi na sita ndoa yetu ilikuwa shwari, hadi mjomba alipomletea flashi yenye filamu moja ya Kihindi, nyeusi na nyeupe, kongwe kuliko mamangu.

Hadithi yenyewe hii hapa. Fundi wa nguo ampenda bibi harusi wa mtu. Kila akimpima anakosea kusudi ili bibi harusi arudi kupimwa tena. Leo mkono mmoja mrefu, kesho kola imehamia mgongoni. Basi. Hakuna anayepigwa hata kofi. Nyanya Kihindi hajui zaidi ya maneno matatu, na yote matatu ni matusi, lakini huyo fundi anamwelewa kuliko anavyonielewa mimi.

Wivu ulinipata mahali pabaya. Mimi darasani ndiye mchekeshaji, mwalimu wa kemia ameshanitoa nje hadi kibaraza kimenizoea. Lakini nyumbani, nikirudia kichekesho mara ya pili, nyanya huniambia, "Hilo ushanambia, bwana." Na fundi je? Akiinua ule mkono mrefu wa gauni, mara ya arubaini, nyanya anajipiga paja, anavua miwani, anafuta machozi. Vichekesho vyangu huoza kama samaki asiyetiwa chumvi. Vyake, miaka yote hiyo, havijaanza hata kunuka.

"Nyanya, huyo mtu kesha kufa," nikamwambia siku moja.

"Kafa na bado achekesha. Wewe u hai, una udhuru gani?"

Hapo nikaamua kumfukuza mume mwenzangu nyumbani. Jumanne, nikitoka shule, nikaipeleka flashi kwa kijana anayewajazia watu muvi kwenye flashi karibu na stendi. Nikamwambia afute kila kitu, atie mpya, zenye rangi, zenye vita. Nilijua kesho yake ni Jumatano, siku ambayo majirani watatu huja baada ya sala ya alasiri kumtazama fundi. Nikasema, wakimkosa, watanitazama mimi. Nilikuwa nimeandaa vichekesho vitano vipya.

Wakaja, wakavua viatu, wakakaa mkekani. Nyanya akachomeka flashi. Gari likalipuka. Likafuata gari jingine. Jirani mmoja akasema, "Subhanallah, harusi imevamiwa?"

Nyanya hakucheka. Akanigeukia mimi, si runinga.

"Yuwapi?"

"Nani?"

"Usinizungushe. Fundi yuwapi?"

"Nimemfuta."

Nilidhani atafoka. Heri angefoka. Alikaa akipangusa miwani kwa pindo la leso, kisha akasema kwamba filamu ile aliiona akiwa msichana, katika sinema ya mjini, siku ya onyesho la wanawake watupu, akiwa na mamake. "Mamangu hakuwa mtu wa kucheka. Siku ile alicheka hadi buibui likamvuka kichwani. Sikumsikia akicheka vile tena mpaka anaondoka duniani."

Vichekesho vyangu vyote vitano nikavisahau. Nilitaka kusema samahani, ikatoka kama kikohozi.

Nyanya akazima runinga. Akainuka, akautoa utepe wa kupimia kwenye kikapu chake cha kushonea, akauning'iniza shingoni.

"Wewe njoo hapa. Bibi harusi hayupo, ni wewe."

"Mimi? Wallahi siwezi!"

"Kufuta uliweza."

Akanifunika leso kichwani. Akanipima bega, akaandika hewani. Akanipima tena bega lilelile, akatikisa kichwa kama mtu aliyeibiwa. Kisha akageuka fundi kabisa: mabega yakapanda, midomo ikajikunja, Kihindi kikamtoka ambacho si Kihindi cha nchi yoyote. Majirani walianza kucheka kabla hajafika kwenye mkono mrefu, maana walijua unakuja. Mimi niliona haya hata sikuthubutu kufungua mdomo. Nilisimama tu, mikono juu, uso umenikauka.

Na walicheka. Jirani mmoja alilala chali.

"Huyu mjukuu wako ana kipaji!"

"Kipaji chake ni kunyamaza," nyanya akasema, akinipima kiuno kwa mara ya sita. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona. Simama wima, bibi harusi, hatujamaliza."

Nikasimama wima. Kicheko chote kilikuwa cha yule fundi, nilijua, na kiliniuma bado. Lakini sikushusha mikono.