Nilimwambia mama naenda Morogoro, kumbe naenda Durban kwa boti ya matanga

Wakuu, salaam. Hili nimekaa nalo muda mrefu, na sina haja ya kuongeza chumvi. Aibu yenyewe inatosha.

Mimi ni fundi seremala, naishi Temeke na mama yangu. Mwaka juzi nilipata kazi ya kutengeneza makabati ya boti ya matanga iliyotia nanga Mbezi Beach.

Wenye boti ni mzee Murtaza na mkewe, Mama Zahra. Waliuza duka lao la vifaa vya umeme, wakahamia majini moja kwa moja. Kitanda, jiko, choo, kila kitu humo humo.

Mwanzoni nilikuwa nawacheka. Mtu ana uwezo wa kujenga ghorofa, anaenda kulala pahali ambapo ukinyoosha miguu unagonga ukuta!

Kazi ilipoisha, mzee akaniambia wanaondoka kwenda Madagaska, kisha Durban, miezi saba kwenda na kurudi. Anataka mtu wa tatu, anayejua mbao na asiyetapika hovyo. Nikakubali kabla hajamaliza kuongea.

Tatizo likawa mama.

Mama yangu haogopi mtu, lakini maji anayaogopa. Dada yangu ameolewa Kigamboni, na miaka yote ya pantoni mama hakuwahi kwenda kumwona. Alikanyaga kwa dada baada ya daraja kufunguliwa, na hata hapo alifumba macho mpaka ng'ambo.

Halafu ana presha. Nikaona nikisema ukweli atanikatalia, au ataugua. Nikatunga: nimepata kazi ya ujenzi Morogoro, miezi saba, na huko site network ni ya shida.

Akaniangalia tu. Akasema, "Haya, baba."

Siku ya kuondoka nilimkuta amesimama juu ya stuli mlangoni, kanga mkononi, mkono juu, anafuta buibui. Na yale magoti yake!

Nikamwambia, "Mama shuka, utaanguka."

"Pita wewe, utachelewa."

Nikainama, nikapita na begi langu.

Kwenye boti, kabla hatujang'oa nanga, Mama Zahra akaniuliza, "Mama umemuaga vizuri?" Nikasema ndiyo. Uongo wa pili huo. Kisha akauinua msahafu, mimi na mzee tukapita chini yake mmoja mmoja. Wengi mnaijua hii, msafiri hupitishwa chini ya msahafu ili arudi salama.

Hapo ndipo iliponichoma. Ile ilikuwa kazi ya mama yangu, na mimi nimemnyima.

Siku ile sikula. Boti inalala upande, vikombe vimefungwa, sufuria imefungwa, hata mimi kwenye zamu yangu nimejifunga kamba. Kichwani nina jambo moja tu: mama akiondoka duniani nikiwa huku, neno langu la mwisho kwake ni uongo.

Kesho yake mchana, usawa wa kisiwa cha Mafia, simu ikashika network kidogo. Mzee akasema kama kuna mtu wa kumpigia nipige sasa, mbele hakuna tena.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama, siko Morogoro. Niko baharini, naenda mbali. Nisamehe, naomba radhi yako."

Simu ikakwaruza. Nikadhani imekata.

"Morogoro gani hiyo inaendwa na pasipoti? Niliiona chini ya godoro wiki mbili kabla."

"Sasa mbona hukunizuia?"

"Ungebaki ukaninunia mpaka nife. We Hamisi, unadhani mie na magoti haya nilipanda stuli kufuta buibui? Ndani ya ile kanga kulikuwa na msahafu. Ulishapita chini yake, nenda."

Hapo ndipo ilipokata kweli. Wakuu, nililia mbele ya watu wazima wawili. Mama Zahra akanipa chai.

Nimerudi salama. Mama yupo, na pantoni bado hapandi.

Nilichojifunza ni kwamba tunawaficha wazazi tukijidai tunawalinda, kumbe tunaogopa kuwatazama usoni tukiaga. Nilimfanya mama yangu aniage kwa kujificha, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nyie mliowahi kusafiri kwa uongo, mlirudi mkasema nini nyumbani? Nataka kusikia, hata kama ni ya kunisema.

Mzee Murtaza ameniita tena mwakani. Mama nimeshamwambia. Safari hii stuli nitamshikia mwenyewe.