Divai ya siku ya chisense

Bandugu, divai ya muzuri kuliko zote niliipata, na leo imepotea mu nyumba yangu mwenyewe.

Juma yote nilikuwa naonja. Kila chakula na chupa yake. Mutoto yetu Astrid ataolewa, na nilisema divai ya ndoa nitachagula miye. Mu Kamalondo hakuna kinywa kama yangu, muulize.

Asubui mukwe anafika.

«Papa, tupeleke gani ku ndoa?»

«Ile nilikunywa na bukari, ugali yetu, na samaki chisense, bale badogo ba kukauka.» Siku ile nilinyamaza. Miye sinyamazake bure.

«Jina yake?»

Miye na majina, wapi na wapi? «Mama Astrid, leta chupa!»

Muke yangu analeta zote. Ameziosha, karatasi zote za majina ametoa, ameweka ndani mafuta ya ngazi, mawese, ya kuuzisha ku soko.

Mukwe: «Basi papa, tupeleke yoyote.»

Yoyote? Ku ndoa ya mutoto yangu?

Nilikatala. Nimemutuma mukwe alete tena divai zote, nianze upya.

Mama Astrid anasema: «Baba Astrid, nitapika, lakini juma hii ni sombe tu, majani ya muhogo, chisense hakuna.»

Haina neno. Nitaitambua hata na sombe. Nani anabisha?