Geti Tulilolifunga Kitale

Wakati huo nilikuwa Bumula, nikilinda geti na kulima bustani ya familia moja ya wamisionari kutoka ng'ambo. Kabla ya hapo nilikuwa nimepakia mahindi kwenye malori, nimepaka rangi maduka ya Wahindi mjini Bungoma, na kuchunga ng'ombe kule mlimani. Shule niliiacha mapema, na kazi nyingi niliziacha mapema vilevile. Kwa wamisionari nilikaa kwa sababu sikuchoka kuwaangalia. Walikula viazi asubuhi. Walimsalimia mbwa kabla ya kusalimiana wenyewe.

Geti lao lilikuwa wazi tangu alfajiri. Aliingia mwenye mtoto mgonjwa, akaingia anayetafuta kibarua, akaingia aliyekuwa anapita tu na kukaa mpaka chai ya saa kumi. Mama wa nyumba alimkaribisha kila mmoja, akamkalisha, akamchemshia chai mwenyewe. Ilipofika Desemba, uso wake ulikuwa umekonda na alikuwa akisahau maji jikoni mpaka sufuria inaungua.

Walikodi nyumba Kitale kwa wiki moja, ng'ambo ya mtaa wa Tuwan, wakaniambia tutaenda wote. Hawakumwambia mtu. Waliogopa kwamba wakiaga, watu watakuja kuagwa, na kuagana kutaendelea hadi adhuhuri. Basi tukaondoka gizani. Tulipofika, mama alinipa kufuli mpya na ufunguo wake.

"Usimfungulie mtu yeyote," aliniambia kwa Kiswahili chake cha darasani. "Hata askofu. Nikikosa kupumzika wiki hii, Januari nitawachukua watoto nirudi kwetu. Baba yao anajua."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza dawa inavyomezwa.

Kitale kulikuwa na baridi nzuri. Ng'ambo ya barabara watu walikuwa wameanika mahindi kwenye maturubai, na watoto wawili wa mama walishinda kwenye ua wakiyatazama. Baba yao alipika, akaosha vyombo, akaunguza ugali. Mama alilala kitandani lakini usingizi haukuja. Kila baada ya muda alitoka barazani na leso mabegani, akalitazama geti. Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, alisimama. Nikaona kwamba kufuli ilikuwa imezuia watu, ila haikuwa imemwondolea kuwasubiri.

Asubuhi moja pikapu ikasimama mbele ya geti. Nyuma walikuwa wamekaa akina mama wa kanisa la Bumula, juu ya mikungu ya ndizi, na kuku wamefungwa miguu. Sikushangaa kwamba wametupata. Gari la wamisionari halipiti soko la Chwele bila mtu kulitambua, wala haliegeshwi Kitale bila majirani kuulizana. Kutoka kiti cha mbele aliteremka mwenyekiti wao, anayeuza vitunguu sokoni Chwele na ambaye sauti yake haijawahi kuhitaji kipaza.

"Kijana, fungua."

Nikamwambia nimekatazwa.

"Wewe hata sisi tunakujua ni wa kupita tu, huna upande. Tuambie, nani aliwakosea hawa watu?"

Nikamuuliza kwa nini anadhani wamekosewa. Akanieleza kupitia vyuma vya geti. Kwao mtu akihama gizani na familia yake bila kuaga, amekasirishwa. Bumula nzima ilikuwa ikilaumiana. Wanakwaya walisema ni waendesha bodaboda na kelele zao, waendesha bodaboda wakasema ni wanakwaya. Mzee mmoja alikuwa amerudisha toroli aliloazima kwa wamisionari zamani, ambalo hata mimi sikujua lipo. Sasa wamekuja kuomba msamaha, halafu waambiwe kosa ni lipi.

Nilishika ufunguo mfukoni. Nikifungua, wiki ya mama imekwisha. Nisipofungua, watarudi Bumula wakiamini wamechukiwa. Kabla sijaamua, mama mwenyewe alikuja, nywele hazijachanwa.

"Mama zangu, hakuna aliyenikosea," alisema. "Nimechoka. Nilifunga kwa sababu nimechoka."

Kuku mmoja alipiga mabawa.

"Kuchoka tu?" mwenyekiti akauliza.

"Kuchoka tu."

"Ai, mama. Si ungesema? Sasa umejifungia ati mzee akupikie ugali ya kuungua, harufu imetufikia hadi hapa, hiyo ni kupumzika ama ni jela? Sisi mtu akichoka anaita watu. Wewe unatupikia chai kila siku, na hata maji hujawahi kututuma."

Mama alicheka kidogo, kisha akajifuta macho na pembe ya leso. Akanitazama. Nikafungua.

Waliingia bila kusalimia vizuri, kama watu waliochelewa kazini. Mmoja aliwachukua watoto kwenda kugeuza mahindi na majirani. Wengine waligawana jiko na nguo chafu. Baba wa watoto, ambaye ndiye mchungaji wao, alikutwa kwenye sinki amevaa aproni. "Toka hapo, pasta, unatuaibisha," wakamwambia, wakamkalisha kivulini na gazeti la zamani.

Mwenyekiti alimpeleka mama chumbani, akamfungia mlango, akaweka kiti nje mbele ya mlango huo na kuanza kuchambua kunde. Mume alipokuja kutafuta soksi, alifukuzwa. Mimi nilipopita na ndoo, nilifukuzwa pia. Mama alilala mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba, na akina mama wakaondoka kabla hajaamka, ili wafike Bungoma kukiwa bado na mwanga. Siku zilizobaki geti halikufungwa, na alilala kila mchana.

Januari hakwenda kwao. Geti la Bumula liliendelea kuwa wazi, ila sasa aliyeingia kusalimia alipewa viazi amenye, na niliona watu wanakaa zaidi kuliko zamani.

Likizo iliyofuata mama alisema safari hii tutaaga. Tulizunguka nyumba kwa nyumba, yeye akiagana, mimi nikibeba mayai tuliyopewa, na kila mlango ulikuwa na chai yake. Tulipoingia garini alikuwa hoi. Kabla hatujafika Chwele alikuwa amelala, kapu la mayai mapajani, na mume wake akiendesha polepole ili yasivunjike.