Kadi ya Kusemesha Iliyorudi Moonta

Nerida Trembath alipoteza macho akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Mambo mengi aliyazoea, hata watu kumshika mkono bila kumuuliza. Jambo moja lilimshinda: kusomewa maandishi yake mwenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya mji mdogo wa Moonta. Alisikiliza sauti ya bosi kwenye kanda huku vidole vyake vikigonga kama mvua juu ya bati, ila akishamaliza hakujua alichoandika. Herufi ikikosewa, hana habari mpaka amsikie mtu anacheka.

Watu wa mji ndio waliomtoa katika hali ile. Wanawake wa kanisani walikanda unga majuma kadhaa, wakauza pasti, vimkate vya kuoka vilivyojazwa nyama na viazi, mlango kwa mlango, na kilichopatikana kikanunua kompyuta pamoja na kadi ya kuchomeka ndani yake. Kadi hiyo ilikuwa na spika ndogo kwenye ncha ya waya, na kazi yake ilikuwa kusoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Sauti yenyewe ilikuwa mbaya, kavu, ya puani, kama mbuzi aliyepewa cheo. Lakini siku Nerida alipoisikia ikimsomea sentensi yake mwenyewe, bila yeye kumwomba mtu, alitoka uani akasimama kati ya shuka zilizoanikwa, akalia mpaka akaridhika.

Baadaye ofisi ilimletea mashine mpya yenye sauti yake yenyewe. Wakati huohuo akasikia habari za kinyozi mmoja wa Port Pirie, Corrado Minervini, ambaye macho yalikuwa yamemzimikia. Alikuwa amefunga duka lake la kunyolea, anashinda jikoni, hataki kusemeshwa na mtu. Nerida aliichomoa ile kadi, akaifunga kwa taulo, akaipeleka posta. Tangu hapo wakawa wanapigiana simu kila Krismasi, ingawa hawakuwahi kukutana. Kompyuta yenyewe ilibaki chumba cha nyuma. Mara mojamoja aliiwasha tu asikie kama ingali hai.

Hata mwaka huu, joto lilipoanza kupungua, simu ikalia, na Krismasi bado mbali.

"Nerida, nahamia Adelaide kwa binti yangu. Nyumba inauzwa. Nakuletea mali yako."

"Mali gani, Corrado?"

"Mbuzi wako."

Nerida akacheka. "Si uitume tu kwa posta, kama nilivyoituma mimi?"

"Posta? Kitu kilichonifufua nikakitupe guniani? Nakuja mwenyewe. Wewe bandika chai."

Aliyekwenda kumpokea kituo cha basi alikuwa Raelene, jirani wa Nerida, mwanamke wa kiwanda cha mikate, mwenye kelele na moyo mwema. Alirudi na mzee mfupi mwenye fimbo nyeupe, nywele zimechanwa vizuri kuliko za bwana harusi.

"Huyu hapa mgeni wako," Raelene alisema. "Njia nzima ananiuliza nani ananikata nywele. Kasema nimshtaki."

"Nilizishika kidogo tu aliponishika bega," Corrado alijitetea. "Aliyezikata alikuwa na haraka ya kwenda msalani."

Walikunywa chai, wakala pasti, kisha wakaenda chumba cha nyuma. Raelene akakunja mikono ya sweta.

"Haya, nipeni hiyo kadi niichomeke."

"Uichomeke wewe?" Nerida akamzuia. "Kaa hapo kitini. Tukikuhitaji tutakuita."

"Jamani! Vipofu wawili mnataka kufungua kitu cha umeme, na mwenye macho akae kitini?"

"Umeme wenyewe umewahi kuuona?" Corrado akamuuliza, na Raelene akakaa.

Nerida aliukagua waya mpaka ukutani kuhakikisha swichi imezimwa. Akashika kifuniko kwa nyuma, akakivuta juu, kikafunguka. Harufu ya vumbi la zamani ikawapanda puani. Akamwongoza Corrado mkono. "Gusa kwanza hili sanduku la chuma, usije ukaipiga kadi kwa umeme wa mwilini. Sasa njoo huku nyuma. Unaisikia hiyo mianya?"

"Kama meno ya kitana changu," alisema Corrado.

Alitoa kadi kwenye taulo. Nerida akaipapasa ile taulo. Ilikuwa ile ile yake, yenye pindo lililofumwa. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kadi, pale penye vijipande vya shaba vinavyoingia mwanyani, akahisi panakwaruza. Raelene akapewa kazi yake ya kwanza: kupasugua kwa kifutio cha penseli mpaka pang'ae.

"Inaingia mwanya wa nne kutoka kushoto," Nerida alisema. Akahesabu kwa kidole, akaiweka kadi wima, akaibonyeza huku akiitikisatikisa taratibu, mpaka ikazama kwa mlio mdogo wa kukubali. Wakatumbukiza diski, wakawasha. Mashine ikalia *pii*, diski ikakoroma, halafu kimya.

Walisubiri. Kimya.

"Amekufa," Corrado alisema polepole. "Amekufa mikononi mwangu."

"Usimzike bado. Raelene! Njoo na hayo macho yako."

Walizima tena. Raelene akainama na tochi ya simu. "Hapa ubaoni pameandikwa namba, ndogo kama mayai ya chawa. Mwanya mlimochomeka kadi ni namba tatu."

"Haiwezekani. Nimehesabu moja, mbili, tatu, nne."

"Wa kwanza umeandikwa sifuri, shoga."

Nerida akajipiga paji la uso. "Sifuri! Waliotengeneza huanza na sifuri! Miaka yote hii nimesahau."

Aliichomoa kadi, akamkabidhi Corrado. "Chomeka wewe sasa, mwanya wa tano, ndio namba nne."

Kinyozi akahesabu mianya kwa kidole. Kadi ikaingia. Wakawasha, diski ikakoroma, na ile sauti ya puani ikasema kwamba iko tayari.

Raelene alipiga kelele. Corrado alitafuta kiti, akakaa. Akaandika jina lake kwenye kibodi, na mashine ikalitamka vibaya kama zamani.

"Nilikaa nayo miaka minne," alisema Corrado. "Sikukuambia kwenye simu, niliogopa utaudhika. Nilipopata nyingine, hii nilimpa binti mmoja asiyeona wa Whyalla, Tegan, aliyetaka kusoma zaidi. Leo ni mwalimu. Tegan naye alimpa mkulima wa Cowell, mzee kipofu aliyekuwa akiwaandikia wanawe walio mbali. Alipofariki, mkewe akamrudishia Tegan, Tegan akanirudishia mimi. Wote nimewaambia ilitoka kwa Nerida wa Moonta. Mke wa mkulima kasema nikushike mkono kwa niaba yake."

Nerida alikuwa amedhani kadi ile iliishia jikoni kwa kinyozi mmoja, na hilo tu lilikuwa limemtosha.

"Haikutoka kwangu," akasema. "Mimi nilipewa. Raelene, unamjua aliyekuwa mkuu wa kukanda unga wakati ule?"

"Nitajuaje? Nilikuwa mtoto."

"Mama yako. Alisimama pale kanisani hata miguu ikavimba, na hakuwahi kunitajia; niliambiwa na wenzake."

Raelene alikuwa amemzika mama yake miaka sita iliyopita. Alisogea, akaweka kiganja juu ya mashine, pale palipokuwa pakipata joto.

Walichezea kompyuta mpaka basi likamwacha Corrado. Raelene akasema atamfikisha mwenyewe Port Pirie, safari si kitu. Kwenye geti Corrado aliutafuta mkono wa Nerida, akaushika kwa mikono miwili kwa ajili yake mwenyewe, kisha akaushika tena kwa ajili ya mke wa mkulima.

"Mikono yako midogo kuliko sauti yako," alimwambia.

"Na wewe mfupi kuliko maneno yako," Nerida akamjibu. "Asante kwa kuja, Corrado. Asante kwa kuipeleka kote huko."

Alisikiliza gari mpaka likakata kona, ndani yake Raelene akiuliza ni mtindo gani wa nywele ungemfaa.