Macho Malegevu ya Mke Wangu

Mtaani mke wangu anaitwa Maringo. Jina walimpa majirani, lakini mwenye kosa ni mimi.

Mimi ni fundi wa miwani. Nasaga lenzi, nafunga fremu, na watu wanaofinya macho mbele ya ubao wa herufi nawaona kila siku ya Mungu. Lakini enzi za uchumba nilikuwa pia mtunzi wa mashairi, na kila ubeti ulisifu macho yake: macho malegevu, yaliyofumba nusu, yanayoniua bila kisu. Nilijiona hodari kweli.

Mwaka wa kwanza wa ndoa aliniambia, "Mume wangu, nami nipime basi. Mbali naona ukungu tu."

Nikacheka. "Nikayafunike macho hayo kwa vioo? Nitatunga nini tena?"

Naye akacheka. Hakuuliza tena.

Alikuwa mwalimu. Baadaye akaacha, akisema kelele za watoto zimemchosha. Majirani wakaanza kulalamika kwamba anawapita bila salamu. Mimi, badala ya kumuuliza kulikoni, nikatunga ubeti kwamba wanauonea wivu uzuri wake.

Juzi aliniletea chakula dukani nikiwa nimetundika ubao mpya. Nikamtania, "Hebu nisomee, mwalimu."

Akalegeza macho. Yale yale ya mashairi yangu! Akasoma herufi kubwa ya juu, basi. "Chini hakuna kitu," akasema.

Miaka kumi na tisa nimekaa nikisifia shida yake, tena mimi, fundi mzima.

"Mbona hukuniambia tena?"

"Si uliyapenda hivi hivi? Shuleni mtoto wa dawati la nyuma alizimia, mimi naendelea kufundisha. Wenzake ndio waliopiga kelele. Nikaona heri niache."

Lenzi zake nilizisaga siku ileile, kwa aibu. Alipovaa, macho yakafunguka, yakawa macho ya kawaida tu. Tulipofika nyumbani akasimama mlangoni kwetu. Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa anafagia kibaraza. Alipomwona mke wangu akabeua mdomo, akampa mgongo.

"Huwa ananifanyia hivyo?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu tuhamie hapa."

Alimtazama mpaka jirani akaingia ndani. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa unaona?"