Riziki wa Lweba, aliyenipokonya mikro

Akili yangu bado inagoma kukubali kwamba Riziki hayupo, ingawa juzi nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake pale Lweba.

Kwa msiomfahamu: dada huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, rafiki yangu tangu sekondari, na mtu pekee aliyenishinda katika mabishano bila kupandisha sauti. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa miaka. Mwishoni alilala ameketi, akitafuta pumzi. Mateso hayo yamekwisha, na sioni haya kusema kwamba nami nimepumua.

Lakini nafuu yangu kubwa ina sababu nyingine. Nitaikiri hapa hadharani, kwa kuwa kosa langu pia lilikuwa la hadharani.

Wengi wenu mlikuwepo alasiri ile tulipoonyesha filamu ya maisha halisi ya wavuvi wa nchi nyingine ya Afrika, katika ukumbi wa parokia hapa Baraka. Ilikuwa ya Kifaransa. Riziki alitaka tuisimamishe mara kwa mara, aeleze kwa Kiswahili na Kibembe, watu waulize. Mimi, niliyerudi kutoka Bukavu na shahada yangu ya lisanse, niliandika aya saba katika kundi letu la WhatsApp, kwamba kukatiza kazi ya msanii ni kuiharibu.

Alijibu kwa mstari mmoja: "Bwana Lisanse, unaalika bantu ao unaalika viti?"

Nilishinda kwa sababu moja tu: projekta ilikuwa mikononi mwangu.

Madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa vitenge vya kina mama, kila mmoja ametoa chake. Hatukufika mbali. Mwanamke katika filamu alianza kupiga maji kwa kasia huku akipaza sauti, na ukumbi ukacheka. Mama mmoja akainuka, akateremsha kitenge chake, akajifunga. Nilipomsihi abaki, akanijibu kwamba anakwenda kuangalia ndagala zake, dagaa alizoanika juani, kwani Kifaransa hakitamfukuzia kuku. Wa pili akafuata, kisha wa tatu. Kila kitenge kilipoondoka jua liliingia, mpaka picha ukutani ikawa kivuli tu.

Riziki alikuja mbele polepole, akipumzika kila hatua chache. Akanipokonya mikro, kipaza sauti nilichoshika, akaniamuru nisimamishe filamu.

"Bamama, ule mama hachezi," akasema. "Anaita mutoto wake. Alienda kuvua, hakurudia."

Hapa ni kando ya Tanganyika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Yule mama wa ndagala, akiwa tayari mlangoni, aliuliza kama mwili ulipatikana. Riziki akamwambia arudi, wataangalia pamoja. Akarudi, akakivua kitenge, akakitundika, na wenzake nao wakavirudisha vyao. Filamu ya saa moja ikachukua karibu saa tatu, na watu wakabishana na ukuta kana kwamba ni jirani.

Nami? Badala ya kushukuru, nilimwambia mbele ya wote kwamba ameigeuza sanaa kuwa soko. Kisha nikanyamaza miezi miwili, nikingoja yeye aanze.

Wiki iliyopita nikasikia kwamba hali yake imezidi. Nilipanda pikipiki hadi Lweba nikiwa nimeipanga hotuba kichwani. Nilimkuta ameegemezwa mito. Sikumaliza hata sentensi ya pili, akainua mkono.

"Kaka, mi sina pumzi ya utangulizi. Sema neno lenyewe."

Nikasema, "Nilikosa. Unisamehe."

"Nimekusamehea. Sasa kaa. Mama analeta bugali, na leo hautabisha."

Tulikula. Yeye alimega matonge mawili tu, akanicheka jinsi nilivyokula kama mtu aliyefunguliwa gerezani. Nilikuwa hivyo hasa. Siku tatu baadaye akaondoka.

Riziki, dada yangu, kiburi changu nusura kinicheleweshe, lakini nilikuwahi. Nilifika ukiwa unasikia, nikalisema neno lenyewe, ukanijibu. Nitaishi na jibu hilo. Hutatafuta pumzi tena. Lala salama, safari hii sibishi.