Kipembe cha Dalet

Getsel mwandishi, Reb Getsel kwa waliomheshimu, alikuwa na maringo ya aina moja tu: hakuwahi kurudishiwa kazi. Miaka ishirini na sita aliandika Torati na tefilini kwa unyoya wa bata bukini, na kila asubuhi kabla ya kushika unyoya alizama kwenye birika la utakaso, hata barafu ikibidi ivunjwe kwanza, maana Jina la Mungu haliandikwi ovyo. Mji mzima wa Zalutsk ulijua kwamba mkono wake haukosei. Naye alijua kwamba wanajua, Mungu amsamehe.

Mwezi wa Elul, kiangazi kikiisha, mkokoteni wa farasi wa Zundel mchukuzi ulipinduka kivukoni. Kesho yake akaja na tefilini zake, vile visanduku viwili vyeusi vya ngozi, vyenye aya za Torati ndani, alivyojifunga mkononi na kwenye paji la uso kila asubuhi ya kazi tangu alipooa.

"Zimelowa, Reb Getsel. Hebu zifungue uone kama maneno yamepona."

"Na farasi je?"

"Farasi mzima, ananicheka. Mimi ndiye niliyeunywa mto."

Zundel alipoondoka, Getsel alikata nyuzi, akakunjua ngozi iliyoandikwa. Wino umesimama vizuri. Akasoma akitabasamu, mpaka alipofika pale panaposemwa kwamba Mungu ni mmoja. Neno hilo "mmoja" huishia na herufi dalet, yenye kipembe kidogo kisogoni. Kikikosekana, dalet inakuwa resh, na neno linasomeka "mwingine".

Kipembe hakikuwapo. Wala hakikufutwa na maji. Ngozi pale ilikuwa safi, haijawahi kuguswa na wino. Ni yeye mwenyewe, miaka ishirini na miwili nyuma, aliyeandika kwamba Mungu ni mwingine.

Kukiongeza sasa hakufai. Herufi za tefilini huandikwa kwa mfuatano, na iliyorukwa imerukwa. Na aliyejifunga tefilini mbovu anahesabiwa kama hakujifunga kabisa. Sheria haina huruma hapo.

"Mbona umepauka hivyo?" aliuliza mkewe, Fruma, mikono imejaa unga. Akamweleza.

"Si zililowa? Sema ni maji."

"Maji hayakugusa kitu."

"Nani atajua?"

"Fruma!"

"Fruma nini? Ukisema, kesho mji mzima utakuja kukufungulia tefilini zao mezani hapa. Halafu tutakula wino?"

Ni aibu kusema Getsel alilipima neno hilo kwa muda gani. Mkate ulikandwa, ukaumuka, ukaiva, naye bado anapima.

Zundel aliporudi alasiri, Getsel alisimama.

"Si maji, Zundel. Ni mimi." Akamwonyesha herufi kwa ncha ya unyoya, akamweleza yote, kisha akangoja matusi. Aliyataka hayo matusi.

Zundel akakaa kwenye benchi. "Tangu mwanzo?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Hata mwaka ule wa Pesele?"

Pesele alikuwa binti yake, aliyekufa kwa ugonjwa wa koo akiwa na miaka sita. Zundel aliomba siku tatu mfululizo, na kila asubuhi alikawia kuzivua tefilini zake.

"Hata mwaka ule," alisema Getsel.

Zundel akajifunika uso, mabega yakatikisika. Alipoondoa mikono, alikuwa karibu kutabasamu.

"Miaka kumi na mmoja, Reb Getsel, nafunga saumu kila Jumatatu na Alhamisi. Nimejichimba mpaka utotoni, natafuta dhambi iliyomfanya Mungu anigeuzie mgongo. Kumbe sikuwa mimi. Kumbe nilisimama mbele zake bila tefilini, wala sikujua!"

Getsel alifungua kinywa. Hakuna kitabu kinachosema kilio cha baba hakisikiki kwa kukosa kipembe cha herufi. Pesele alikufa kwa sababu majira yale ya baridi watoto walikufa, wanane katika mtaa mmoja. Angemwambia hivyo, Getsel mwenyewe angepumua. Na Zundel angerudi kujichimba.

"Ni kosa langu," alisema.

"Ndiyo," Zundel alijibu kwa upole, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ni lako. Asante, Reb Getsel. Asante sana."